Mfereji Mkavu wa Fundi Wandera

Nyuma ya mlango wa nyumba ya Gordon Wandera, huko Kisian, nje kidogo ya Kisumu, umening'inia waya wa kuanikia nguo uliokunjwa mara mbili. Kila mwaka, kuanzia wiki ya pili ya Desemba, waya huo hujaa sukani ndogo za chuma, za mviringo, nyingi zikiwa na rangi nyekundu iliyobambuka. Kila usukani umefungwa kipande cha kitambaa, na juu ya kitambaa pameandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito: Naswa wa posta, Mchungaji, Frankline wa duka la dawa, Mwalimu Maryanne. Sukani hizo hutolewa kwenye valvu za maji, zile zinazokaa kando ya mita. Mwenye nyumba anaposafiri kwenda kwao kwa Krismasi, Wandera huifunga valvu yake, hulegeza skrubu, huung'oa usukani na kuondoka nao. Kwenye valvu hubaki kijiti cha chuma tu, kitu ambacho mkono mtupu hauwezi kukizungusha.

"Maji hayana adabu," hueleza akiulizwa sababu. "Mgeni ukimwacha peke yake atakaa sebuleni. Maji yanaingia mpaka chumba cha kulala."

Wandera ni fundi wa mabomba. Alizaliwa Funyula, katika nchi ya Wasamia, mwaka 1972, na akaja Kisumu akiwa na miaka kumi na tisa kujifunza kazi kwa fundi mmoja mkongwe aliyeitwa Robinson, ambaye, kwa maelezo ya mwanafunzi wake, "alikuwa anakupiga na kipande cha paipu kwanza, makosa anakueleza baadaye." Kwa Robinson alirithi mambo mawili: mfuko wa spana na hasira. Mfuko umechakaa.

Ni haki kusema kwamba hasira hiyo haimwagwi ovyo. Ina shabaha moja. Humwendea mtu aliyefungua mfereji, akakuta hauna maji, kisha akaenda zake bila kuufunga. Tendo hilo ni la kila siku katika mji huu, na anayelishangaa hajakaa nasi. Ziwa liko pale pale. Kutoka juu ya paa la nyumba ya Wandera unaliona limejaa hadi upeo wa macho. Hata hivyo mifereji hukauka siku tatu, siku tano, wakati mwingine juma zima, na hakuna anayekuja kueleza. Mkono uliozoea ukavu hupoteza desturi ya kufunga, kwa kuwa mfereji uliofungwa na mfereji uliofunguliwa hutoa kitu kile kile, yaani hewa. Wengine huuacha wazi kwa makusudi, ndoo ikiwa chini yake, ili mlio wa maji uwaite yatakaporudi. Kwa mtu aliye nyumbani, huo ni ujanja. Kwa mtu aliyesafiri, ni gharika inayongoja tarehe.

Mwaka 2006 familia moja ya Otonglo ilirejea kutoka Muhoroni siku ya mwaka mpya, ikakuta magodoro yameloa hadi upande wa juu na kabati limefura kama mkate. Wandera ndiye aliyekuwa ameifunga valvu ya nyumba ile. Mlinzi wa ploti, alipoona maji yamerudi, aliifungua ili apate ya kuogea, na ndani ya nyumba mfereji ulikuwa wazi. Mwenye nyumba alimlaumu fundi. Fundi alitukana kutwa nzima, na kesho yake akaanza kung'oa sukani. Pia alijiwekea kanuni ya maneno matatu, ambayo kila mteja wake amelazimishwa kuikariri: fungua, sikiliza, funga. Maana yake ni kwamba baada ya valvu kufungwa, unaingia ndani, unafungua kila mfereji, unasikiliza mpaka paipu imalize kukohoa na kunyamaza, kisha unaufunga mfereji huo kabla mkono wako haujagusa kitu kingine. Kabla mkono haujagusa kitu kingine. Sehemu hiyo aliisisitiza kwa kidole.

Nyumba yake mwenyewe ina sababu ya ziada ya kuyaogopa maji. Aliijenga mwaka 2004, yeye na mkewe Nabalayo, mama wa binti yao Debra, kwa nguzo, fito na udongo, wakaipiga plasta ya saruji ndani na nje. Ukiitazama utadhani ni ya mawe. Lakini chini ya ngozi ile nyembamba ya saruji kuna udongo mtupu, na udongo ukinywa maji haupigi kelele. Plasta hubaki nyeupe na nzuri huku ndani ukuta umegeuka uji. Kwa kuwa nyumba iko kwenye mteremko, na mvua kubwa hushuka kutoka vilimani kwa kasi, Wandera alijenga kwenye kila mlango kizingiti cha saruji chenye kimo cha kiganja kimoja, ili mafuriko ya nje yasiingie. Miaka kumi na tisa kilizuia. Na kwa miaka hiyo kumi na tisa Wandera hakulala nje ya Kisian hata Desemba moja, kwa kuwa Desemba ndiyo miezi kumi na miwili ya kazi yake iliyobanwa katika mmoja.

Aliyemtoa ni dada yake mkubwa, Nabututu, aliyebaki Funyula. Alimpigia simu mwanzoni mwa Desemba 2023.

"Gordon, nyumba za watu unazilinda. Mimi ni nyumba ya nani?"

"Dada, ni kazi."

"Sawa, fanya kazi. Krismasi hii usipokuja, mwaka ujao utanisalimia kwa picha ukutani."

Nabalayo, aliyekuwa akichambua mboga karibu na simu hiyo, alisema neno moja tu: "Tunaenda."

Jirani wao wa karibu, aliyetengwa nao kwa ua wa michongoma, ni Zadock, Mjaluo anayeuza omena, yaani dagaa wa ziwani, katika soko la Otonglo. Zadock na Wandera wamekuwa majirani tangu nyumba zote mbili zilipokuwa mashimo ya nguzo. Hutaniana kwa makabila yao mchana kutwa, mmoja huitwa "Wuod Samia," mwana wa Samia, na mwingine huitwa "Bwana Samaki." Kati yao na nyumba nyingine za safu ile kuna mila ambayo haijaandikwa popote: maji yakirudi baada ya ukame wa mifereji, aliyepo humjazia asiyekuwepo. Aliyekwenda sokoni, aliyelazwa hospitali, aliyefiwa, wote hukuta mapipa yao yamejaa nje ya mlango. Huwezi kujua yatatoka kwa saa ngapi; pengine hayatakungoja. Mila hiyo ni nzuri. Ninaiandika hapa kwa uangalifu kwa sababu ndiyo iliyoiangusha nyumba.

Alhamisi, tarehe 21 Desemba, mashine ya kuchimba barabara ilikata bomba kubwa, na mifereji ya Otonglo hadi Kisian ikakauka. Kufikia Jumamosi asubuhi, siku ya safari, Wandera alikuwa amekusanya sukani kumi na sita. Wa kumi na saba ulikuwa wa Mwalimu Maryanne, mwalimu wa hesabu anayeishi Otonglo, ambaye aliahidi kumngoja saa mbili. Saa mbili kasorobo Wandera alikwenda kando ya ua, akaifunga valvu yake mwenyewe, akaung'oa usukani na kuutia mfukoni. Nabalayo alikuwa jikoni akimalizia mambo yake. Alikuwa ameziba tundu la sinki kwa kitambaa kilichosokotwa, kama afanyavyo kila wanapotoka, ili mende wasipande kutoka kwenye bomba la majitaka. Wandera aliingia, akaufungua mfereji ulio juu ya sinki hiyo. Ulikohoa mara moja. Akainamisha sikio asikilize.

Simu ikalia.

Kuhusu mazungumzo yaliyofuata nimewasikiliza mashahidi watatu: Wandera, mkewe, na Maryanne mwenyewe. Wanatofautiana kidogo juu ya matusi, hawatofautiani juu ya mengine.

"Fundi, samahani," alisema Maryanne. "Gari lilifika mapema. Niko kwa basi, tumepita Maseno. Ufunguo nimeachia mama wa mboga."

"Valvu umefunga?"

"Si wewe ndio unafunga?"

"Na mfereji wa ndani?"

"Nilifungua asubuhi nione kama kuna maji. Hakukuwa."

"Sikuulizi kama kulikuwa na maji! Nauliza ulifunga?"

"Fundi, sikumbuki. Ulikuwa mkavu."

"Mkavu!" Hapo sauti ya Wandera ilivuka ua, ikamfikia Zadock aliyekuwa akipanga magunia. "Mwalimu mzima! Unafundisha watoto wa watu hesabu na huwezi kuzungusha mfereji nusu mzunguko! Kufunga ni kazi gani? Mkono si unao? Funga! Unafungua, unasikiliza, unafunga! Hata kuku angeshika hayo maneno!"

Maryanne anakumbuka kwamba abiria wawili waliokaa mbele yake waligeuka kumtazama, maana sauti ilitoka kwenye simu kama redio. Nabalayo anakumbuka mumewe alitoka jikoni huku angali anafoka, akapita sebuleni, akanyakua mfuko wa spana na kumwambia, "Funga mlango, tukutane stejini, kwenye magari." Wandera anakumbuka njia ya kwenda Otonglo, pikipiki aliyopanda, na namna alivyoufunga mfereji wa Maryanne, ambao kweli ulikuwa wazi, na jinsi alivyoung'oa usukani wa kumi na saba. Alirudi, akafungua mlango kwa ufunguo wake, akautundika kwenye waya nyuma ya mlango pamoja na wenzake, akafunga mlango tena, akamkuta mkewe barabarani. Jikoni hakuingia mara ya pili.

Walikaa Funyula siku saba. Nabututu alimchinjia jogoo na kumsimanga kila asubuhi kwa raha zake. Jumatano, tarehe 27, maji yalirudi Kisian.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 30, Zadock alipiga simu.

"Omera, ndugu yangu, rudi nyumbani."

"Kuna nini?"

"Kuna maji."

"Si ni vizuri? Yamerudi lini?"

"Hapana, Fundi. Kuna maji ndani ya nyumba yako. Yanatoka chini ya ukuta wa nyuma. Valvu nimefunga saa hii. Mlango sijavunja, siwezi kuvunja mlango wa mtu na yeye hayuko."

Wandera alimwuliza swali moja: "Umefunga valvu na nini?" Simu ilikatwa na mmoja wao. Kila mmoja anasema ni mwenzake.

Walifika saa nane mchana. Nabalayo ndiye aliyefungua mlango wa mbele. Maji yalikuwa yamesimama ndani kama ya bwawa, sawasawa na ukingo wa kizingiti. Yanayozidi yalikuwa yamechuruzika nje, yaliyobaki yalizuiwa humo. Viatu vilielea. Kapeti lilikuwa limeinuka katikati likapumua. Wandera alichukua nyundo kubwa, akaanza kukipiga kizingiti alichokijenga mwenyewe mwaka 2004, akakipiga mpaka kikapasuka na maji yakapata njia, yakashuka mteremko kuelekea migombani. Maji yaliisha baada ya dakika chache. Aliendelea kupiga. Nabalayo alimwacha apige hadi saruji ikawa changarawe, kisha akamwambia, "Sasa nenda uangalie ukuta."

Aliugonga ukuta wa nyuma kwa vifundo vya vidole, kutoka pembe hadi pembe, kama daktari agongavyo kifua. Juu ulijibu. Kuanzia kiunoni kwenda chini haukujibu kitu. Plasta ilikuwa nyeupe, safi, haina hata ufa. Alipochomeka bisibisi ilizama hadi mpini, na ilipotoka ilitoka na tope.

Ndipo akaenda kwenye ua. Kijiti cha valvu yake kilikuwa kimekwaruzwa. Kulikuwa na alama mpya za meno ya spana, zinang'aa. Na Wandera aliijua spana hiyo. Alimpa Zadock yeye mwenyewe, miaka minane kabla, kwa ajili ya baiskeli.

"Bwana Samaki! Toka nje!"

Zadock alitoka na mkewe Lornah nyuma yake. Hakukimbia wala hakujificha, na hilo linastahili kukumbukwa.

"Wewe ndiye ulifungua valvu yangu?"

"Ni mimi."

"Kwa nini nilitoa usukani? Ili valvu ifunguliwe na spana? Ni nini hukuelewa? Mtu akifunga mlango na kwenda na ufunguo, wewe unaingilia dirishani?"

"Omera, maji yalirudi Jumatano. Mapipa yako yalikuwa matupu. Nilikujazia." Zadock alinyoosha mkono. Kweli, karibu na mlango wa nyuma mapipa mawili ya bluu yalisimama yamejaa hadi mdomo, yamefunikwa kwa mbao ili majani yasiingie. "Nilifungua, nikajaza kwa mfereji wa nje, nikafunga huo wa nje. Valvu nikaacha, mkirudi mpate maji. Si wewe ulijaza zangu mama alipokufa?"

"Sikuomba!"

"Na mimi sikuomba! Ulijaza!"

"Siku tatu nyumba yangu inakunywa maji na wewe unauza omena!"

"Ningesikiaje? Kanisa lina spika nne, wiki nzima ni nyimbo. Leo ndio nimeona chini kumelowa." Sasa Zadock naye alikuwa amepandisha. "Na uniambie kitu kimoja, Wuod Samia, kabla hujanitukana zaidi. Valvu nimefungua mimi, nakubali. Mfereji wa ndani nani alifungua? Mimi sina ufunguo wa nyumba yako!"

Wandera aligeuka kwa mkewe. Kwa maelezo yake mwenyewe, na ninamheshimu kwa kuyatoa, alikuwa tayari kumlaumu. Midomo ilikuwa imekwisha kufunguka.

Nabalayo alikuwa ameketi juu ya pipa lililojaa, sketi yake imelowa hadi magotini. Hakupandisha sauti.

"Kitambaa kwa sinki ni mimi," alisema. "Hiyo nitabeba. Lakini siku ile Mwalimu alipopiga simu, ulikuwa unasikiliza mfereji. Ukaanza kumwambia afunge. Ulimwambia funga, funga, funga. Baba Debra, wakati unasema funga, mkono wako ulikuwa wapi?"

Lornah anasema kwamba Wandera aliuinua mkono wa kulia akautazama. Kisha akaingia ndani, akasimama mbele ya sinki. Mfereji ulikuwa umeelekea upande wa kufunguka, nusu mzunguko kamili. Aliufunga. Haukuwa na maji tena. Valvu ilikuwa imefungwa, na ulichotoa kilikuwa hewa tu.

Ningependa kuandika kwamba hasira iliisha hapo. Haikuisha. Ilikosa tu mahali pa kwenda, na hasira isiyo na mahali pa kwenda ni mbaya kuliko ile yenye njia. Jumapili, saa tano asubuhi, wakati watu walipokuwa kanisani, ukuta wa nyuma uliketi. Neno hilo ni la Nabalayo: haukuanguka, uliketi, kama mtu aliyechoka. Udongo wa chini ulitoka pande zote mbili, plasta ikashuka vipande vipande, na jiko la nyumba aliyoijenga kwa mikono yake likabaki wazi mbele ya migomba, sinki ikining'inia kwenye bomba lake. Waya wa sukani, uliokuwa nyuma ya mlango wa mbele, haukutikisika.

Nyumba zote kumi na saba zilibaki kavu. Wenyewe walirudi mmoja mmoja juma la kwanza la Januari, wakaja kuchukua sukani zao, na kila mmoja aliliona turubai lililofunika pengo. Wengi waliuliza kwa upole na Wandera akawajibu kwa mguno. Naswa wa posta aliuliza kama ni tetemeko. Aliambiwa ndiyo.

Mwalimu Maryanne alikuja Jumatano, tarehe 3. Alikwisha kusikia, Otonglo na Kisian ni mdomo na sikio.

"Shikamoo, Fundi. Nimekuja kuchukua usukani wangu."

Akampa.

"Pole kwa nyumba. Mfereji uliachwa na nani?"

Wandera alisema kitu kuelekea ardhini.

"Sijasikia."

"Nimesema ni mimi."

"Hapana, Fundi." Maryanne hakucheka. Alikuwa amesimama wima kama mtu aliye mbele ya ubao. "Mimi ulinitukania kwa basi. Watu wa hadi Luanda walijua siwezi kushinda kuku kwa akili. Sema kwa sauti ile ile. Ninaijua, bado iko kwa masikio yangu."

Zadock alikuwa upande wa pili wa michongoma, na Lornah, na wanawake wawili waliopita na ndoo wakasimama. Shingo ya Wandera ilivimba. Nabalayo anasema alidhani angemfukuza.

"Mfereji niliuacha mimi!" Sauti ilivuka ua, ikavuka barabara. "Mimi, Gordon Wandera, fundi! Nilifungua, nikasikiliza, sikufunga! Hata kuku ananishinda! Umesikia sasa?"

"Nimesikia," alisema Maryanne. "Asante kwa kufunga wangu." Akaenda zake na usukani mkononi.

Upande wa pili wa ua, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile, Zadock alicheka, na kwa kuwa kicheko chake ni kirefu na hakina huruma, Wandera alimrushia donge la udongo wa ukuta. Zadock alilirudisha. Siku iliyofuata alikuja bila kuitwa, amekunja suruali, akaanza kukanyaga udongo na maji shimoni, na Lornah akabeba. Walijenga kwa wiki mbili, wakilaumiana kwa kila fito. "Hukujaza vizuri." "Wewe ni mtaalamu wa kujaza, nakuachia." Kizingiti kipya cha mlango kina tundu chini, lenye kizibo cha mpira, ili maji yakiingia yaweze kutolewa. Kitambaa cha sinki Nabalayo amekitupa. Amesema mende na wapande.

Hasira ya Wandera ingalipo, na mimi siwezi kumwombea aiache. Mji ulio kando ya ziwa kubwa kiasi hiki haukupaswa kuifundisha mikono ya watu wake kusahau kufunga. Kila mfereji unaokohoa hewa unamwandaa mtu fulani kwa ajili ya siku ya maji kurudi. Wakati wanaoyakata na kuyarudisha hawatoi tangazo, ni juu ya muuza omena mwenye spana na fundi mwenye waya wa sukani kuzilinda nyumba, na wakikosea, kuta zinazoketi ni zao.

Jumamosi, tarehe 21 Desemba 2024, Wandera na mkewe waliondoka tena kwenda Funyula, kwa kuwa Nabututu alikwisha kuonja raha ya kutembelewa. Sukani kumi na tisa zilikuwa kwenye waya. Mbili zaidi ya mwaka uliotangulia. Alipomaliza kuifunga valvu yake, hakuutia usukani mfukoni. Alikwenda hadi kwenye ua, akampa Zadock, pamoja na ufunguo wa mlango.

"Shika. Ingia ndani saa hii, kabla hatujatoka, uangalie mifereji yote. Mimi simu yangu nimezima."

Zadock aliingia, akakaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akatoka. "Imefungwa. Hata ya kuku."

"Vizuri. Sasa lete spana."

"Spana gani?"

"Unajua ni gani."

"Omera, si ulinipa? Ni yangu. Na usukani si umenipa? Nikitaka kujaza mapipa yako, spana ya nini?"

"Usukani ni wa kufunga kukiwa na hatari, spana inafungua valvu ya kila mtu. Mapipa yangu yabaki matupu. Nitakuja nipige kelele, niteke ziwani." Mkono wake ulikuwa umenyooshwa juu ya michongoma, kiganja wazi, na haukurudi nyuma. "Lete."

Zadock aliingia nyumbani kwake huku akilalamika kwa Kijaluo, akarudi nayo. Wandera aliifunga katika taulo, akaitia katika mfuko wa nguo za safari, kati ya shati lake la kanisani na gauni la Nabalayo, akavuta zipu. Ilikaa Funyula hadi mwaka mpya, juu ya kabati la Nabututu, mbali na kila valvu.